Maji ya Miguu ya Mheshimiwa

Kwetu Jharkhand, India, mgeni haanzi mazungumzo kabla hajaoshwa miguu. Akishaoshwa ni mgeni wa kijiji kizima, na kumbishia ni aibu mpaka aondoke. Hilo ndilo lililotuponza.

Karmi, mke wa kaka yangu Sukra, alikuwa na swali moja kwa mheshimiwa mbunge aliyekuwa anakuja kijijini. Sukra alichimba makaa ya mawe mpaka mapafu yakaharibika. Zahanati ina mashine ya kumsaidia kupumua, lakini umeme huja unapotaka wenyewe. Tuliambiwa makaa yatatozwa kodi kwa sababu moshi wake unachafua dunia, na kodi hiyo italeta umeme wa jua zahanatini. Tukasubiri, tukisali.

Gari lilipoonekana, Karmi alimfuata Mukhiya, mkuu wa kijiji. "Niache nimuulize kwanza."

"Shemeji, usitutie aibu. Osha, utauliza baadaye."

"Baadaye nitaulizaje, na desturi unaijua?"

"Leta sinia bwana, mtu wa watu ana vumbi."

Karmi akaosha ile miguu minene, akaipangusa kwa upindo wa sari yake.

Mheshimiwa akasimama. Akasema mapato ya kodi ya makaa yameingia mfuko mkuu kuziba mapengo ya serikali, na kiasi kimejenga barabara ya lami mpaka mgodini. "Sasa malori yatapita vizuri, na kodi itaongezeka." Tulipiga makofi. Ni mgeni.

"Basi nirudishie maji yangu, baba," Karmi akasema taratibu.

Mukhiya akamkanyaga mguu.

"Mama anasemaje?" mheshimiwa akauliza.

"Anakukaribisha chai," Mukhiya akajibu.

Akacheka, akainywa yote.

Mvua zilipoanza, umeme ulikatika Sukra akiwa kwenye mashine. Tukakodi gari kumkimbiza mjini. Barabara ilikuwa nzuri kweli, haina shimo hata moja. Ila malori ya makaa yalikuwa yameijaza, pande zote mbili, na dereva wetu alipiga honi mpaka akachoka. Sukra alinishika mkono, akauminya, kisha vidole vyake vikalegea.

Nikaanza kusali, nikisema mapenzi ya Mungu yatendeke. Karmi akaniziba mdomo kwa kiganja chake.

"Wifi," akasema, "hili usimsingizie Mungu."