Vijiti vya Mramura

Mwaka ule wa nzige, karani Rwezaura alikuja Igurwa akatuambia tuchimbe mtaro. Nzige wenyewe walikuwa wamepita, lakini mayai yao yalibaki mbugani, na tunutu, watoto wao wasioruka, walikwisha kuanguliwa. Wangekuja kwa miguu, mtaro uwanase. Alichomeka vijiti kuonyesha njia yake, akarudi kwenye kambi yake na vibarua wake.

Asubuhi vijiti vyote vilikuwa vimeng'olewa. Nilijua ni nani: bibi yangu Kokwijuka na jirani yetu Melkiory.

Upepo ulikuwa umeangusha migomba yetu. Tulibakiwa na shamba moja la maharage, kando ya mbuga. Likiliwa, hatuna chakula.

"Bibi, tunutu wanakuja," nilisema.

"Umeona vijiti vyake ni mti gani?"

Nilikuwa nimeona. Ni mramura, na kwetu mramura hupandwa mpakani.

"Anagawa ardhi," bibi alisema. "Leo mtaro, kesho atapanda kahawa yake. Wewe na madarasa yako mawili unaamini kofia ya karani."

Mimi huona haya kusema na wanaume. Lakini nilikwenda kambini, nikasimama mbali na karani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Sikutumwa." Nikamwonyesha kijiti kimoja kilichong'olewa. "Huu ni mti wa mpaka."

Alikigeuza mkononi. "Hata kwetu Muleba ni wa mpaka," alisema polepole. "Vibarua walikata, mimi sikutazama. Nikichomeka matete, watakubali?"

"Ukichomeka wewe, hapana."

Akanipa mzigo wa matete. "Basi chomekeni wenyewe, mnapotaka."

Melkiory alinikuta njiani. "Karani amekupa nini?"

"Matete."

"Na wewe umempa nini?"

Wanawake waliokuwa kisimani walicheka. Nilitaka kuyatupa. Bibi alitoka nyumbani, akaninyang'anya mzigo, akayapekua matete moja moja, asione mramura.

"Tutachomeka sisi," alisema. "Ndani ya shamba langu, si nje. Tutapoteza mistari miwili ya maharage, lakini mtaro utakuwa wangu."

Tulianza kuchimba. Jioni Melkiory alikuja na jembe lake. "Nachimba upande wangu," alisema. "Sitaki mtu anichimbie." Kila mara bibi alipotupa udongo, Melkiory aliangalia unaangukia wapi. Kesho yake wale wanawake wa kisimani nao walichimba, kila mmoja ndani ya shamba lake, mpaka mitaro ikaungana.

Siku ya tatu tunutu walikuja, weusi, nyasi zote zikicheza. Walikula ile mistari miwili iliyobaki nje, kisha wakaporomoka mtaroni. Tuliwapiga kwa matawi wasipande. Maharage mengine yalipona.

Melkiory alijifuta jasho, akatazama njia ya kambini.

"Tufukie sasa hivi," alisema, "kabla karani hajaja kuupima."

Bibi alikuwa amekwisha kushika jembe. Tulifukia tunutu na mtaro pamoja, tukasawazisha udongo kwa miguu, na bibi akapanda viazi juu yake.