Beti za Magetini

Noreen alijaribu jikoni, akashindwa. Likizo nzima alimkalisha mjukuu wake Tamsin mezani, akamghania tungo za wachunga ng'ombe na wakata manyoya ya kondoo, na mtoto akapiga miayo mpaka machozi yakamtoka. Ule utungo aliouthamini kuliko zote, wa marehemu mumewe Clarrie, hakuugusa. Haukuandikwa popote, na tangu azikwe ulimi ulimwia mzito. Leo Tamsin anarudi mjini Brisbane. Baba yake anamngoja barabara kuu. Akiondoka hivi hivi, utungo umemfuata Clarrie kaburini.

Walitoka asubuhi kwa pikapu. Shamba lile ni geti baada ya geti, na sheria ni ile ile tangu enzi: anayekaa ubavuni mwa dereva ndiye anayeshuka. Miaka yote mshukaji alikuwa Noreen, Clarrie yuko kwenye usukani anamchokoza kwa beti. Sasa alishuka Tamsin, akahangaika na mnyororo, na Noreen akasikia kinywa chake kikisema chenyewe:

"Nimeswaga ng'ombe wangu, vumbi limenifunika,
Koo langu lakauka, chupa nayo yavunjika."

"Unaongea na nani?" Tamsin akauliza.

Ikabidi aeleze. Utungo wa babu yake ulikuwa na ubeti kwa kila geti, na aliyeko getini sharti amjibu, la sivyo hapiti mtu. Akamfundisha jibu: "Pita upesi mzee, na geti linafungika."

"Ulikuwa unamfokea babu hivyo?"

"Na zaidi. Alikuwa anapenda."

Mtoto akacheka. Geti la pili alishuka gari halijasimama sawasawa. Yule yule aliyekuwa akisinzia mezani sasa anadai ubeti, anajibu, akikosea anarudia, na kangaruu waliojipumzisha kivulini wakatimka kwa kelele zake. Noreen alijiona mjinga. Maneno ya barabarani, yeye alikuwa anamlisha mtoto mezani kama uji.

Geti la mwisho lilipotokea, furaha ikamwisha. Ubeti wa pale Clarrie aliusema hata siku aliyopelekwa hospitali, asirudi tena. Akamwambia Tamsin hapo hapana ubeti, afungue tu.

Tamsin akaegemea nguzo, akakunja mikono kifuani. "Bibi, huo uongo. Sifungui."

Ng'ambo ya geti, kwa mbali, gari la baba yake lilikuwa limeshaegeshwa. Noreen akashika usukani kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ndogo:

"Geti hili ni la mwisho, na kiza kinanifika,
Nani atalifungua, mie nikishaondoka?"

Jibu la Noreen siku zote lilikuwa la mzaha: Clarrie atalifungua mwenyewe, miguu yake haijachoka. Alitaka kumfundisha Tamsin, akaishia kulitazama geti. Alimkumbuka mno mumewe, hata akaona afadhali asingeanza.

Tamsin akamtazama bibi yake, akautazama mnyororo, akaufungua. Akalisukuma geti mpaka likagota, kisha akapaza sauti:

"Si nimeshalifungua? Pita, bibi, nimechoka."

Mstari huo hakuutunga Clarrie, wala Noreen, na kina kimekaa mahali pake. Noreen akatia gia, akapita akicheka huku analia, asijali nani anamwona.