Mbegu Zilizooshwa

Mbegu za vitunguu vya marehemu mama zilikuwa zimebaki mia mbili tu, nazo zilikuwa na umri wa miaka mitatu. Kwa mbegu ya kitunguu, huo ni uzee. Binti yake, fundi katika karakana ya kuvika mbegu ganda la udongo, alizijaribu ishirini ndani ya kitambaa chenye unyevu. Zikaota nne. Hakuna mtu mwingine yeyote aliyekuwa na mbegu za aina ile.

Hakumwambia baba yake. Alizilowesha katika maji yanayopulizwa hewa, akazitoa kabla mizizi haijachungulia, kisha akazikausha kivulini hadi mizani iliposoma uzito wa awali. Mbegu iliyotendewa hivyo huwa imeamka nusu na inangoja udongo tu. Alijaribu tena ishirini, zikaota tisa. Siku hiyo alikula chakula cha mchana huku akitabasamu peke yake, hata wenzake wakamuuliza ameposwa na nani.

Zilizobaki alizitia kwenye pipa linalozunguka, akazinyunyizia gundi na unga laini wa udongo, tabaka juu ya tabaka, hadi kila moja ikawa tufe la ukubwa wa punje ya mtama. Alifanya hivyo kwa ajili ya vidole vya baba. Mikono ya mzee ilianza kutetemeka mwaka ule aliofiwa na mkewe, na kitu kidogo kama mbegu ya kitunguu kilikuwa hakishikiki tena. Tabaka la mwisho alilitia rangi nyekundu, ili baba aione mbegu juu ya udongo. Sumu hakuweka hata chembe.

Ijumaa jioni alimpelekea kifuko.

"Kesho tutapanda, Baba. Kila moja nimeivika koti."

"Koti? Na joto lote hili?"

"Utaona mwenyewe."

Asubuhi alimkuta bombani, mikono imelowa hadi viwikoni, ameshika chujio la chai. Ndani ya chujio mlikuwa na mbegu ndogo nyeusi. Tope jekundu lilikuwa likiishia mferejini.

"Umefanya nini, Baba?"

"Nimeziosha. Mara tatu." Mzee alisema hivyo kama mtu anayengoja kupongezwa. "Mama yako angenifukuza nyumbani. Umesahau? Mbegu nyekundu haiingii bustanini kwake."

Hakuwa amesahau. Zamani, mbegu za dukani zenye dawa ya wadudu zilikuja nyekundu, na mama alimsugua mikono kwa sabuni kwa kugusa pakiti tu. Fundi alikuwa amefikiria vidole vya baba, akafikiria na macho yake. Kumbukumbu zake hakuzifikiria.

"Ilikuwa rangi ya chakula tu, Baba. Nilitaka uzione."

Mzee alitazama chujio. "Nimeziua?"

Alitaka sana kusema hapana. Lakini baba yake hakuwa mtoto wa kudanganywa.

"Bado. Ila nilikwisha kuziamsha mara moja, na sasa zimelowa tena. Nikizikausha mara ya pili, nyingi hazitaamka. Zipandwe leo, la sivyo basi."

"Basi panda wewe. Mimi nitazimwaga zote shimo moja."

"Sipandi peke yangu. Ni vitunguu vyenu."

Binti alisimama akafikiri. Kwenye dirisha la jikoni lilikaa kopo la poda la mama, tupu, ambalo hakuna aliyethubutu kulitupa. Alilichukua, akatafuta msumari, akapanua matundu ya kifuniko. Baba aliufuata msumari ule kwa macho, tundu baada ya tundu. Binti akachanganya mbegu na mchanga mkavu hadi zikaachana, akajaza kopo, akampa.

"Lipindue, utembee nalo juu ya mstari. Usilitikise."

"Nisilitikise? Kwa mkono huu?"

"Mkono utafanya wenyewe."

Mzee akatembea. Mtetemo uliomnyima kikombe cha chai kilichojaa ukaangusha mchanga na mbegu kidogo kidogo, kwa usawa, kama chumvi mkononi mwa mpishi makini. Binti alimfuata nyuma akifukia. Mwisho wa mstari wa tatu, baba alisimama, akalisogeza kopo puani.

"Bado linanukia."

"Najua. Twende, Baba, mchanga utaloa."

Siku ya kumi simu ililia karakanani. Fundi alizima pipa ili asikie.

"Zimetoka," alisema baba. "Zimejikunja kama pini za nywele."

"Ngapi?"

"Nilifika arobaini na moja, nikapotea, nikaanza upya. Hizo zinatosha kutupa mbegu nyingine?"

"Zinatosha, Baba. Na zitabaki za kugawa."

"Kopo nimelirudisha dirishani. Lakini matundu yale, mwanangu. Mama yako angekugombeza."

"Najua."

"Angekugombeza sana," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa na furaha.