Sufuria ya Buluo

Mwaka mzima Berthe alijinyima kuku wake akiwaweka kwa ajili ya Noeli. Si kwa meza yake, la! Mtoto wake Ricky yuko gereza la Buluo tangu alipokamatwa akichimba shaba kwenye eneo la wenyewe kule Kakanda. Mle ndani, asiyeletewa chakula na ndugu zake anakonda mpaka anaugua, na Ricky ameshaanza kukohoa. Siku ya Noeli wanaingia watu wa kanisa tu. Ndugu anayekuja peke yake hurudishwa. Ndiyo maana Berthe alichinja kuku wote akawatia kwenye sufuria kubwa ya wamama wa kanisa. Desturi yao ni hiyo: wanapika pamoja, wanapanda kamio, yaani lori, wanakwenda kulisha wafungwa.

Sasa sikia vituko. Ibada ilipoisha, mama Hélène, prezidanti wa wamama, kitenge kipya cha Noeli kikimng'aa mwilini, akatangaza kwamba nabii amefika kutoka Lubumbashi na msafara wake. Sufuria ibaki. Kamio iende kuleta viti.

"Na Buluo?" Berthe akauliza.

"Ba Buluo batangoya Pasaka, mama Berthe. Leo ni feti ya Yesu, ni Noeli."

"Yesu gani? Yesu mwenye minye najua iko Buluo, iko na njala!"

Wengine wakacheka, wengine wakajitia kunyoosha vitenge vyao. Hata wale waliolia naye siku Ricky alipofungwa wakaanza kupanga sahani za nabii. Aibu gani hii, jamani! Berthe akapita katikati yao. Akafunua sufuria mbele ya nabii, akachota kuku, akajaza bakuli, akavua kitenge chake cha Noeli kilichokuwa juu ya gauni, akalifungia humo, akapanda pikipiki.

Mlangoni pa Buluo, askari alifungua komeo, akachungulia nyuma ya Berthe akitafuta kamio.

"Leo banaingia ba église tu, bantu ba kanisa, mama. Église iko wapi?"

Berthe akageuka. Barabara ya Likasi ilikuwa matope matupu, hakuna aliyemfuata.

"Njo minye," akasema, akijipiga kifuani.

"Muntu moja?" Askari akacheka, tena bila ubaya, akarudisha komeo.

Lakini ndani walishasikia komeo. Makofi yakaanza, na wimbo wa kupokea wageni. Katikati yake Berthe akaijua sauti ya Ricky, imekwaruzwa na kikohozi, ikiwashukuru wamama wa kanisa kwa kuja.