Biskuti Ndani ya Ukuta

Babu Wilf hafungi mlango wa choo. Huuacha wazi kiasi cha mkono kupita, akakaa humo akipiga mluzi ili tujue kuna mtu. Alipohamia kwangu, baada ya bibi kufariki, nilimwambia, "Babu, humu kuna mtoto wa kike."

"Ana miezi saba," akasema. "Atanisamehe."

Sababu ya mlango huo naijua, kijiji kizima kinaijua. Akiwa na miaka ishirini na miwili mgodi wa makaa ya mawe ulimwangukia, akakaa gizani saa kumi na tisa na mwenzake. Baada ya saa ya sita huyo mwenzake hakujibu tena. Babu mwenyewe hakuwahi kunisimulia.

Alikuja na Bess, mbwa wa bibi, mwembamba kama kiti cha kukunja, jicho moja limeshaingia ukungu. Siku nne Bess hakugusa chakula. Siku ya tano Babu alirudi na kitu kinachojinyonganyonga ndani ya mfuko wa koti. Kilikuwa kicheche wa kufugwa, dume, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Nell wangu alipewa biskuti mkononi, kicheche akamnyang'anya, na jina likapatikana hapo hapo.

Huku kwetu vicheche ni wanyama wa watu wa mgodini. Humwingiza kicheche kwenye shimo la sungura, sungura akatoka mbio, mbwa akamalizia. Biskuti sungura hamjui hata kwa picha. Kazi yake ni kuiba soksi za Nell na kuzirundika chini ya tumbo la Bess. Usiku wa kwanza alimvuta Bess sikio mpaka mbwa akainuka kwa hasira, akamfukuza kuzunguka meza, na alipochoka akajikuta mbele ya bakuli lake. Akala. Tangu hapo wanalala pamoja, kicheche kajiviringisha shingoni mwa mbwa kama skafu.

Shida ilikuwa mkataba. Ofisi ya nyumba za halmashauri ilinipa mwaka mmoja wa majaribio, mnyama mmoja tu, na mimi nilikuwa nimeandika mbwa. Ukaguzi wa mwisho, wa Bi Thackray wa ofisi hiyo, ulipangwa Alhamisi, saa tisa alasiri. Nikifaulu, nyumba ni yangu mimi na Nell. Nikishindwa, ni kurudi kwa mama yake Terry, mwanamume niliyezaa naye Nell, kwenye kile chumba ambamo nililala miezi mitano bila kufungua begi.

Alhamisi hiyo hiyo asubuhi mafundi wa ofisi walikuja kuziba meko ya zamani ya kuotea moto sebuleni. Nikamficha Biskuti ghorofani, kwenye kabati la mataulo. Mafundi wakapigilia ubao mpana mweupe, wakanywa chai yangu vikombe viwili viwili, wakaondoka saa sita.

Nilipopanda kumtoa, kabati lilikuwa tupu. Nyuma ya mataulo, pale mabomba yanapopita, kulikuwa na tundu linalotosha yai. Kicheche akishapitisha kichwa, mwili hauna neno. Na tundu hilo linashuka moja kwa moja hadi ndani ya meko.

Nikashuka mbio. Bess alikuwa amesimama mbele ya ubao mpya, mguu mmoja wa mbele ameunyanyua, pua imeelekea kona ya kushoto, chini kabisa. Hatingishiki.

Babu alitokea jikoni na mkate mdomoni. Akamwona Bess, akaacha kutafuna.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Usikanyage hapo."

"Babu, huku si porini!"

"Bibi yako alimfundisha kuonyesha mawindo hivyo. Hajawahi kukosea. Yumo, kona hiyo."

Ndipo tukasikia makucha. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Mpigie fundi, Janine," Babu akasema.

"Nimwambie nini? Kwamba nimefungiwa mnyama nisiyeruhusiwa kuwa naye?"

"Sema pete yako ya uchumba imedondokea ndani."

"Pete gani? Terry hakunipa pete."

"Kwa hilo namshukuru Mungu. Piga."

Nikapiga. Fundi akasema pete haiozi, atakuja Jumatatu.

Nilipanda kabatini nikatikisa kopo la chakula chake kwenye tundu. Nilimsikia akija, akikwea, akiteleza kwenye bomba, akianguka. Akakwea tena. Akaanguka. Nikateremsha soksi za Nell nilizozifunga mafundo zikawa kamba, lakini hazikumfikia. Mara ya sita hakukwea.

Nilishuka nikaweka sikio kwenye ubao. Kimya. Nell, ambaye sasa alishaanza kusimama, alinishika gauni, akaweka na yeye sikio lake.

Kicheche akilala hulala kama maiti. Wiki ya kwanza nilimkuta kalegea kama kitambaa, nikakimbia naye kwa daktari wa mifugo huku nalia na mtoto analia, daktari akacheka, akasema amelala tu. Kwa hiyo kimya kile kingeweza kuwa usingizi. Kingeweza pia kuwa kitu kingine, na mtu aliye upande huu wa ubao hawezi kujua.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika ishirini.

"Tusubiri," nikasema. "Bi Thackray akitoka tu mlangoni, nabomoa. Dakika arobaini, na ukaguzi wenyewe kidogo. Atavumilia."

Babu alikwenda akafungua mlango wa mbele wazi kabisa, mvua ikaanza kuingia kwenye zulia nililolisugua tangu alfajiri. Akarudi akapiga magoti, magoti yakalia, akagonga ubao kwa pete yake ya ndoa. Mara tatu. Akangoja. Mara tatu tena.

"Babu, unafanya nini?"

"Ajue kuna watu huku."

Akagonga tena. Kisha akasema, macho yake yakiwa kwenye ubao, "Walisubiri zamu ibadilike ndipo waanze kuchimba. Waliona dakika arobaini si kitu."

Hayo tu. Sijui niseme vipi jinsi chumba kilivyokuwa kidogo wakati ule, mimi na mtoto na mzee na mbwa, na huyo mwingine ndani. Niliangalia meza yangu ya dirishani, ninapofanyia kazi za shule ya jioni Nell akishalala. Niliangalia alama ya penseli mlangoni, urefu wa Nell. Nikaenda kuchukua nyundo chini ya sinki.

Babu akanyoosha mkono. "Lete. Utasema babu yako amechanganyikiwa. Wataamini, wakiniona tu."

"Mkataba una jina langu, Babu. Mshike Nell."

Kwa kuwa Bess alionyesha kushoto, nilipiga kulia. Pigo la kwanza lilikuwa la woga, likaacha kidoti tu. La pili likapita. Baada ya hapo nikawa navunja kwa mikono, vumbi jeupe likajaa kwenye nywele, kwenye pazia, kwenye chai ya Babu.

Bess hakunisubiri. Aliingiza kichwa, mabega, akarudi kinyumenyume na Biskuti mdomoni, amemshika ngozi ya shingo kama mtoto wake. Kicheche alikuwa mweusi wa masizi, ananing'inia. Bess akamlaza kwenye zulia, akaanza kumlamba. Uso, tumbo, uso. Babu akasimama amemkumbatia Nell kwa nguvu mno, mtoto akaguna.

"Mlango uko wazi," sauti ikasema.

Bi Thackray alikuwa kwenye kizingiti, mwavuli unachuruzika. Aliangalia tundu. Aliangalia nyundo. Kisha akaangalia chini.

"Hicho ni nini?"

"Ni kicheche, mama," nikasema. "Ni mnyama wa pili. Sikumwandika."

"Amekufa?"

Bess akamlamba sikio, akalivuta kidogo kwa meno, jinsi yeye alivyovutwa ule usiku wa kwanza. Biskuti akapiga chafya. Akapiga miayo, meno yote nje, akatambaa akajificha chini ya shingo ya mbwa.

"Mjomba wangu alikuwa nao," Bi Thackray akasema. "Wananuka."

"Huyu leo ananuka masizi tu," akasema Babu.

Bi Thackray aliandika muda mrefu, amesimama, maana viti vyote vilikuwa na vumbi. "Sikufukuzi, binti," akasema mwishowe. "Lakini kusaini siwezi. Nakuongezea miezi sita ya majaribio. Ukuta urudishwe. Na fomu ya wanyama uijaze upya, ukweli mtupu."

Miezi sita tena ya kunyata ndani ya nyumba yangu. Jioni ile niliijaza fomu. Penye idadi ya wanyama niliandika wawili, kwa kalamu ya wino.

Jumatatu fundi alikuja na ubao mpya. Kabla hajapiga msumari wa kwanza, Babu alimwekea mkono begani.

"Ngoja, kijana." Akatuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, kwa sauti. "Mbwa. Kicheche. Mtoto. Janine. Haya, funga."

Kisha akatoka uani, akasimama kwenye mvua bila kofia mpaka nyundo ikanyamaza.