Wali wa Waziri Aliyezama

Mavyaa wangu, Bi Nasriya, alipiga marufuku neno moja nyumbani kwetu Khuwair ya Kusini: marehemu. Mafuriko ya Aprili yalilisomba gari la mume wangu Humam wadini, kwenye bonde la mto wa mvua, likaokotwa ufukweni Sib, milango wazi. Yeye hakuonekana. Juni ikaingia, na mama yake bado anawaambia wageni kwamba mwanawe yuko safarini.

Nilikuwa nimechoka naye, nasema kweli. Si mke, si mjane. Nilitaka Humam asaliwe, nikae eda, nilie kama wanavyolia watu. Lakini nani angethubutu kufungua azaa, kuweka matanga, na huku mama mzazi amekataa? Shemeji zangu walikuja, wakanywa kahawa, wakaondoka kimya. Wanaume wazima!

Mchana mmoja jirani yetu wa juu, Meilin, Mchina mwenye duka la taa Hamriya, alishuka na sahani ya vifurushi vya wali vilivyofungwa kwa majani ya mwanzi. Ilikuwa sikukuu yao, siku ya tano ya mwezi wa tano kwa hesabu yao ya mwandamo. Ndani hamna nyama, alisema kwa Kiarabu chake cha dukani, ametia tende tu. Bi Nasriya, kwa adabu, akauliza sikukuu hiyo ni ya nini.

Meilin hakuwa na habari ya msiba wetu. Alihamia majuzi tu. Akasimulia kwa furaha kwamba zamani kwao alikuwepo waziri mwema, mfalme akamfukuza. Aliposikia mji mkuu umetekwa, akajitosa mtoni. Watu wakatoka na mashua kumtafuta, wakapiga ngoma, wakatupa wali majini. Ndiyo maana mpaka leo wanashindana kwa mashua na kupika wali huu.

Nilitamani kumziba mdomo.

"Wali wa nini majini?" aliuliza Bi Nasriya.

"Samaki washibe, mama. Wasimle yeye."

"Wakampata?"

"Hapana."

Nikangoja amfukuze. Badala yake alimshukuru, akaipokea sahani kwa mikono miwili. Meilin alipotoka tu, akanigeukia. "Balqis, nipeleke Sib."

Njiani aliipakata ile sahani. Jua la alasiri lilikuwa linachoma, ufuo mtupu. Pale wadi inapoingia baharini akapandisha abaya, akaingia maji mpaka magotini, akawa anafungua majani na kutupa wali, kifurushi baada ya kifurushi.

"Kuleni huu," aliiambia bahari. "Mwanangu niachieni."

Kisha, bila kugeuka: "Kesho waambie shemeji zako wafungue azaa. Nawe mwanangu ukae eda. Nnajua tangu ile gari ilipookotwa. Nlitaka tu niwe naye siku mbili tatu zaidi."

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyapigania. Hata sijui nini kilinipata. Niliingia majini na viatu vyangu, nikaukamata mkono wake wenye kifurushi cha mwisho.

"Usitupe, mama," nilimwambia huku nalia. "Atarudi. Wallahi atarudi."

Alinibandua vidole taratibu, kimoja kimoja, akakifungua kile kifurushi, akatupa.