Nusu ya Kimya

Tangu binti yake achaguliwe mkondo wa sayansi, fundi wa kuchomelea mageti hakumwita tena jina lake. Alimwita Daktari, na mtaa mzima ukafuata. Binti alizipokea sifa hizo kwa meno nje, lakini muhula haujafika katikati, maji yakawa yamemfika shingoni. Fizikia, kemia, biolojia na hesabu. Na kila mwalimu aligawa kazi kana kwamba somo lake ndilo pekee duniani.

Aliyemwokoa ni jirani yake wa dawati, msichana waliyembandika jina la Kimya. Darasani hakunyoosha mkono hata siku moja, ila hesabu alizila kama karanga. Kemia ndiyo iliyokuwa ikimpiga chenga.

"Mwenzangu, kwani tujiue?" Daktari alimwambia. "Wewe fanya hesabu zetu wote, mimi nifanye kemia. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Kimya alisita. "Na siku ya mtihani je?"

"Mtihani uko mbali huko."

Wakaishi hivyo wiki nane, wakipokezana madaftari chini ya dawati. Daktari akapata usingizi, mashavu yakamrudia. Mara kadhaa Kimya alimwambia, "Kaa basi nikuonyeshe ilivyotoka." Naye akajibu, "Kesho."

Kilichowaumbua ni kosa dogo. Kimya alichoka, akaandika alama ya kutoa badala ya kujumlisha, na kosa hilo likajitokeza kwenye madaftari yote mawili, mstari uleule. Wakafikishwa kwa mwalimu wa taaluma, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Fundi naye akaitwa. Alikuja na aproni yake ya ngozi iliyotobolewa na cheche, akasimama mlangoni kama mshtakiwa.

"Nani alimnakili mwenzake?" mwalimu akauliza. "Huyo anatoka sayansi leo hii. Nafasi zinagombewa."

Daktari alimtazama babake, akaona mikono yenye makovu ikiifinyanga kofia. Ulimi ukamtangulia.

"Yeye. Alikuwa anachukua daftari langu."

Wote wakamgeukia Kimya. Hakuwa na mtu wake pale. Shangazi aliyemlea alikuwa kazini, akifua mashuka ya nyumba ya wageni. Kimya alifungua mdomo, akaufunga. Mwalimu akachukulia kwamba amekiri.

Jumatatu akahamishiwa darasa la historia.

Daktari akabaki na mzigo wote. Alijaribu kuzianza hesabu upya, lakini kila ukurasa ulitegemea ukurasa ambao hakuwahi kuuelewa. Matokeo ya mtihani wa mwisho yalipotoka, hesabu alikuwa ameambulia sifuri, na fizikia ikaanguka nayo. Babake hakufoka. Aliisoma karatasi, akaikunja mara nne, akairudisha mkononi mwake. "Haya, mwanangu," alisema, akarudi kwenye geti lake.

Siku ya tatu Daktari alimfuata Kimya kule kwenye nyumba ya wageni. Alimkuta uani na shangazi yake, wakikunja mashuka.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Nimesikia umefeli. Pole."

"Bado una kinyongo na mimi?"

Kimya alilinganisha mapindo ya shuka. "Mimi nimefaulu. Historia nimekuwa wa kwanza, watu wananipongeza." Akalikunja shuka mara mbili. "Lakini nilikuwa napenda hesabu. Sikuwa na kingine cha kupenda. Wewe hata hukuzitaka, ukanitoa mimi ukabaki nazo."



"Binti," shangazi akamwambia Daktari bila kuinua macho, "kama huna la zaidi, tupishe. Mashuka ni mengi."

Daktari akashika pindo la shuka asaidie. Kimya akalivuta taratibu kutoka mkononi mwake, akaendelea kukunja.